Tenti ya Kilo Mbili Mbele ya Wazee wa Ngara

Oyaa masela, tuwekane sawa mapema. Ukishuka Benaco, pale Ngara, na tenti mgongoni, usivimbe. Dar au Mwanza ukipost kitenti cha rangi ya chungwa pembeni ya moto, likes zinamwagika na kila mtu anauliza location. Ngara hawadati na hizo. Mzee wa pale atakucheki unavyohangaika na zile fimbo zako za alumini, atavuta kigoda akae, atatabasamu, na kimoyomoyo atakuwa anakupa maksi. Wengi wetu tunafeli.

Na ana haki ya kusahihisha mtihani, maana kitaa chake kilishawahi kuwa jiji la mahema. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, wakimbizi kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda. UNHCR yenyewe ilikiri haijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka namna ile, mpaka wimbi la Goma, kule Zaire, lilipokuja kuvunja rekodi hiyo Julai mwaka huohuo. Watu wakamwagikia Benaco, sehemu iliyobeba jina la kampuni ya Waitaliano ya ujenzi iliyokuwa na kambi yake pale. Wiki chache tu, vilima vikawa vya bluu kwa shitingi. Zile karatasi za plastiki za mita 4 kwa 5 unazoziona kwenye picha za zamani, mwanangu, ndizo zilikuwa paa, ukuta na pazia la familia nzima. Baadaye zikaja Lumasi, Musuhura, Lukole. Wanyarwanda waliambiwa warudi kwao kabla mwaka 1996 haujaisha, Warundi wakabaki Lukole miaka mingi zaidi. Hata Radio Kwizera inayosikika huko mpaka leo ilizaliwa 1995 kwa ajili ya wakimbizi hao.

Sasa wewe na mimi tunaenda kulala nje kwa raha zetu, tukitaka tunarudi geto. Wao kulala nje ilikuwa msoto. Ndiyo maana nasema tusivimbe. Lakini pia ndiyo maana, kama kuna watu Bongo hii wa kuwauliza habari za kitambaa, kamba na mvua, ni hawa. Video za mtandaoni nimezicheki kinoma na nyingi zimerekodiwa na majamaa waliopiga tenti kwenye majani laini ya Ulaya. Udongo mwekundu wa Ngara mwezi wa saba hawajawahi kuuona. Kigingi kikigonga pale kinapinda kama msumari wa mchina.

Tuanze na kununua, maana hapo ndipo mkwanja unapotea.

Tenti nyepesi ni ya aina gani? Ukiuliza dukani utaambiwa zote ni nyepesi. Nyepesi kweli, kwa mtu anayebeba mwenyewe, ni ile ya mtu mmoja isiyozidi kilo 2, au ya wawili inayocheza kwenye kilo 2 na nusu. Zile mnazoziona Kilimanjaro zimesimama kama vibanda ni habari nyingine. Kule kuna wapagazi, na kanuni za hifadhi zinamruhusu mmoja kubeba kilo 20, kwa hiyo mgeni hajali tenti ina uzito gani. Wewe mpagazi wako ni mgongo wako. Weka maji lita 3, unga, sufuria, blanketi, halafu jipandishe vilima vya Ngara ambavyo ukimaliza kimoja kinakuchungulia kingine. Hapo kilo moja ya ziada utaijua jina.

Sehemu za kuwinda ziko. Mwanza nenda Mlango Mmoja, Moshi nenda Memorial. Hayo ni masoko ya mitumba ambayo mtu mwenye macho anaokota chuma. Moshi na Arusha kuna faida nyingine: gia za mlimani zinazunguka sana, watalii wanaacha, waongozaji wanauziana. Unaweza kukutana na tenti ya maana kwa bei ambayo dukani isingekununulia hata begi lake. Ila mitumba ni mitumba, ukizubaa unapigwa.

Tulikuwa na msee wa Nairobi kwenye mishe hii, mtoto wa Umoja, mtu wa kupanda milima kitambo. Tulimbeba makusudi atusaidie kukagua. Muuzaji akafungua kitenti cha kijani, kinameremeta, sisi tayari mikono mfukoni. Msee hakuangalia rangi hata. Akaingiza pua ndani ya mfuko.

"Manze, nuseni hii kitu."

Tukanusa. Inanuka kama mtoto amecheua maziwa.

"Hiyo ni coating imeoza, buda. Ata usitoe doo yako. Ikinyeshewa hii, utaoga ukiwa umelala."

Jamaa hakuwa anazuga. Vitenti vingi vimepakwa kwa ndani utando wa plastiki unaozuia maji. Vikiwekwa stoo yenye unyevu miaka kadhaa, ule utando unaoza: unanata, unanuka uchachu, unabanduka vipande. Kwa nje kitambaa kinang'aa kama kipya. Muuzaji wala hakumaind, akacheka, akakirudisha kwenye lumbesa akimsubiri mwingine.

Kingine alichotufundisha ni mishono. "Cheki kwa seams ka kuna tape," ndio ulikuwa wimbo wake siku nzima. Sindano ikipita kwenye kitambaa inaacha tundu, na matundu elfu ni chujio. Tenti ya maana ina utepe mwembamba umebandikwa kwa ndani kufuata mshono wote. Utepe ukiwa umebanduka kidogo siyo mwisho wa dunia, gundi maalumu ya mishono inamaliza kesi. Ukiwa haupo kabisa na bei bado imechangamka, sepa.

Halafu kuna namba. Kwenye lebo utakuta milimita 1,500, 2,000, 3,000. Maana yake ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajaanza kupenya. Kwa mvua ya huku, kifuniko cha juu kikiwa na 1,500 mpaka 2,000 kinatosha kama kimevutwa vizuri. Sakafu ndiyo inahitaji namba kubwa, maana goti lako likikandamiza udongo uliolowa linasukuma maji juu kwa nguvu ambayo mvua haina. Watu wanafanya kinyume: wanakagua paa, sakafu hawaigusi.

Fimbo nazo. Za faibaglasi ni rahisi, nzito, na zikipasuka zinakutia vijiti vya kioo mkononi. Za alumini ni ghali kidogo, ila ikipinda unainyoosha, maisha yanaendelea. Kuna na zile tenti za wajuaji zisizo na fimbo kabisa, unazisimamisha kwa fimbo za kutembelea. Hizo ndizo nyepesi kuliko zote, mpaka chini ya kilo moja. Nazikubali, ila zinategemea vigingi kwa kila kitu. Ardhi ikigoma, na wewe umegoma. Kwa anayeanza, na kwa udongo wa moramu, chukua inayosimama yenyewe. Hilo ndilo chaguo langu na sitaki ubishi.

Kitambaa: nailoni ni laini na imara, lakini ikilowa inalegea, saa nane usiku unaamka unakuta paa limekushukia usoni. Poliesta hailegei sana na inavumilia jua vizuri zaidi, na jua la huku, karibu na ikweta, halina utani na kitambaa. Rangi? Wee chagua unayopenda. Ila kumbuka unaenda wilaya ya mpakani. Mambo ya rangi za mabaka ya kijeshi achana nayo, utaulizwa maswali ambayo hukuyapanga.

Basi, tenti unayo, twende Ngara. Gari kutoka Mwanza siku hizi ni burudani: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa, zile foleni za kivuko zimebaki stori. Geita, Biharamulo, unakula Lusahunga na madereva wa malori ya Kigali na Bujumbura, halafu barabara inakupeleka mpaka Benaco. Pale inagawanyika, moja inaenda Rusumo, nyingine Ngara mjini na Kabanga kwenye mpaka wa Burundi.

Kitu cha kwanza kabla ya kufungua begi: nenda kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Najua mnaona ni uzee. Lakini fikiria, sehemu hii imepokea wakimbizi, imepitiwa na majambazi, imekuwa na miaka ambayo mabasi yalikatiza mapori ya Kimisi na Kasindaga kwa kusindikizwa na askari. Mgeni anayelala kichakani bila taarifa, huku, ni kesi. Ukijitambulisha, ukaonyesha kitambulisho, mambo yanageuka: unapewa uwanja, unapewa maji, na usiku kuna mtu anajua upo.

Sisi tulipewa uwanja wa mzee mmoja, kijiji cha juu juu upande wa barabara ya Rusumo. Shikamoo mzee, marahaba wajukuu, karibuni. Migomba upande mmoja, upande wa pili turubai limetandazwa na maharage yanaanikwa. Tukachagua sehemu fasta, pale chini karibu na migomba, tambarare kama meza, kivuli safi, na picha ingetoka kali. Mzee akatuacha tumwage vitu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maji. Akaenda juu kidogo ya pale tulipotandika, akalimwaga taratibu, akasimama anatazama.

Maji yakateremka kamstari kembamba, yakakata kona kwenye mzizi, yakaingia moja kwa moja chini ya tenti ya msee wa Nairobi.

"Haya vijana," mzee akasema, "maji yatalala wapi?"

Kimya. Msee akakuna kichwa. "Si uongo, mzee ametumaliza."

Kumbe mwaka 94 mzee alikuwa kijana, alibeba miti na kusimamisha vibanda kambini kwa ujira. Anasema mvua zilikuwa hazijakata, na waliolala bondeni kwa sababu ya ulaini wa ardhi waliamka wakiwa wanaelea. Waliopanda juu wakalalamikia upepo, lakini walilala pakavu. Akatuhamisha hatua kama ishirini juu, sehemu ambayo macho yetu yaliiona ya kawaida tu: imeinuka kidogo, ina mteremko hafifu, nyuma kuna ua wa miti unaokata upepo. Akapapasa kwa mguu mtupu, akaondoa vijiwe na kisiki kidogo cha mhindi. Akakagua nyasi kama kuna njia ya siafu. Siafu ni ishu serious, wanangu. Wakiamua kupita kwako usiku, zipu haiwazuii na hamtakubaliana.

Pale juu kazi ikaenda chap. Kwanza unatandaza karatasi ya chini, na hapa kuna kosa ambalo masela wote wanalifanya: karatasi inazidi tenti. Unaona fahari, kumbe umejenga bwawa. Mvua inadondoka kwenye ile sehemu iliyochomoza, inateleza inaingia chini ya mgongo wako. Ikunje mpaka iwe ndogo kuliko sakafu ya tenti, vidole vinne kila upande. Mzee alipoona msee anaikunja hivyo akatikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza tangu tufike.

Fimbo ziunge kipande kwa kipande. Ile tabia ya kuzirusha hewani zijiunge zenyewe ni nzuri kwa video, ila ncha zinapasuka. Zisukume kwenye mkono wa kitambaa, usizivute, ukivuta zinaachana katikati. Mlango uelekeze upande ambao upepo hautokei. Vigingi vipige vikiwa vimeinama, kichwa kikitazama mbali na tenti. Masika utavichomeka kwa kidole, lakini kiangazi ardhi ya huku ni zege. Lete vigingi vya alumini vyenye mbavu tatu, achana na vile vya waya. Kikikataa kabisa funga kamba kwenye jiwe kubwa, hakuna aibu. Ila kutafuta jiwe usiku na tochi ya simu ni noma, tafuta mapema.

Kisha kifuniko cha mvua, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kifuniko kisiguse neti ya ndani. Kivute kwa zile kamba ambazo wengi wanaziacha kwenye begi wakidhani ni za ziada. Kati ya vitambaa viwili lazima pawe na nafasi ya hewa, na vile vidirisha vya juu viache wazi hata kama kuna baridi. Ngara iko juu, usiku wa Juni na Julai unang'ata, na kila mtu anataka ajifungie kabisa. Matokeo yake unaamka paa linadondosha matone, unaanza kutukana tenti imevuja. Haijavuja. Ni pumzi zako mwenyewe zimepanda, zimekutana na kitambaa cha baridi, zimegeuka maji.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani. Hata liwe limebaki kaa mbili. Hapa sina utani wowote: hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na watu wamekufa ndani ya vyumba vikubwa zaidi ya kitenti.

Mvua ilikuja usiku huohuo, ilikuwa mwishoni mwa vuli, mvua ya kukaza na upepo wake. Mwana mmoja kati yetu alikuwa amekataa ushauri wa sokoni, akanunua kitenti cha duka la vitu vya sherehe, kifuniko kimeishia kiunoni kama kofia. Saa tisa alikuwa kwetu, watu watatu ndani ya tenti ya wawili, anatetemeka, anaomba stori zibadilishwe. Asubuhi tukaenda kuangalia pale chini karibu na migomba tulipotaka kulala. Palikuwa na dimbwi unaweza kufulia.

Mzee hakusema kitu. Alituletea chai.

Biharamulo ni mchezo tofauti. Pale mjini kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20, zuri kucheki, ila mzuka wa tenti uko upande wa mapori. Tatizo ni kwamba yale mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Kwa hiyo ule ushkaji wa kuingia na kulala popote umeisha, na sawa tu. Unalipa, unaandikishwa, unaonyeshwa sehemu ya kupiga kambi na watu wa TANAPA. Ndani kuna tembo, nyati na simba, na kitenti cha kilo 2 hakimzuii hata mmoja wao. Chakula usilale nacho. Ndizi mbivu ndani ya tenti ni kumwandikia tembo barua ya mwaliko.

Ukirudi nyumbani kazi haijaisha. Masela wanasepa asubuhi, tenti imelowa, wanaisindilia kwenye mfuko, inakaa chini ya kitanda mpaka safari nyingine. Miezi miwili mbele ina ukungu mweusi na ile harufu ya mtoto kucheua. Itundike kwenye kamba ya nguo, kivulini, ikauke mpaka mishono. Ukimaliza isindilie ovyo ovyo tu kwenye mfuko, usiikunje pale pale kila mara, mistari ya mkunjo ndiyo inayoanza kupasuka.

Kwa anayepanga kwenda: Juni mpaka Agosti ni kukavu, baridi kali usiku. Vuli na masika nenda kama unaiamini sakafu yako. Na kabla hujatoa hata jero pale sokoni, mwambie muuzaji aisimamishe tenti yote, fimbo, kifuniko na kamba, hapo hapo chini, uingie ulale, ufunge zipu, utazame juu uone kama kuna mwanga unapenya kwenye mishono. Akikwambia hana muda, mwambie na wewe huna hela.